Kadi ya Sekretere wa Kilumbi

Kwa miaka ishirini na sita Norbert Asukulu alikuwa sekretere wa Kilumbi, eneo dogo la chifu mmoja, na kazi yake, ukiondoa barua za shefu na ugomvi wa mipaka ya mashamba, ilikuwa kuhesabu watu. Kila Januari alivipitia vijiji kumi na vinne kwa miguu, akaandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kaolewa wapi, nani kakimbia na hajarudi. Vijiji hivyo viko nyuma ya Kilembwe, mwendo wa nusu siku jua likiwaka. Mvua ikinyesha hakuna anayetaja saa. Mtu husema tu kwamba atafika.

Hesabu ikiisha aliipeleka Fizi, kwenye ofisi za territoire, yaani wilaya, ambako karani aliipiga muhuri na kuiweka juu ya hesabu za mwaka uliopita. Norbert hakuwahi kuona mtu akiitoa pale. Aliendelea tu, kwa sababu baba yake alimfundisha kwamba kazi ni kazi hata kama hakuna anayeitazama. Mwaka wa 2023 kitabu chake kilisema watu elfu kumi na moja mia tatu na arobaini. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na minane, na goti la kushoto lilikuwa limeanza kumdai kila alipopanda kilima.

Ndipo masekretere wote wakaitwa Fizi. Walikaa kwenye madawati ya shule ya msingi, watu wazima wenye magoti karibu na kidevu, wakaelezwa na bwana mmoja wa tume ya uchaguzi aliyetoka Bukavu jinsi viti vya bunge la jimbo vitakavyogawanywa. Norbert alisikiliza kwa makini, maana alidhani hatimaye kitabu chake kimepata mtu wa kukisoma. Bwana yule aliwashukuru kwa vitabu vyao, kisha akasema havitatumika. Nchi haijahesabu watu wake tangu mwaka themanini na nne. Kwa hiyo viti vitafuata kadi za kupigia kura. Kila mtu mzima atahesabiwa pale alipoandikishwa, na asiyeandikishwa, kwa uchaguzi huu, ni kama hayupo. Mji wa Baraka utasimama peke yake, territoire ya Fizi peke yake, na kila upande utapata viti kwa wingi wa kadi zake.

"Karte kubwa ya ku ukuta inachorwa na karte kidogo za mu mufuko," alisema yule bwana, na kwa kuwa kwa watu wa huko ramani na kadi zina jina moja, wote walielewa.

Norbert aliuliza swali moja tu: mashine ngapi za kuandikisha zitapanda kwao. Akaambiwa Kilembwe itapata kituo kimoja kwa vijiji vyote vya upande ule, siku thelathini. Akauliza Baraka itapata vingapi. Bwana akatazama karatasi yake, akasema vingi, kwa sababu Baraka ina watu wengi. Norbert akakaa. Aliliona jambo lote kwa mara moja: watu wa juu milimani walipewa kituo kimoja kwa kuwa ni wachache, na wataonekana wachache kwa kuwa walipewa kituo kimoja. Hakulisema. Alikuwa na mwendo wa siku mbili mbele yake, na wenzake nao walikuwa wamekwisha kuanza kutafuta kofia zao.

Mashine ilifika Kilembwe siku ya tisa badala ya siku ya kwanza. Gari lililoibeba lilizama kwenye matope mbele ya Lubondja, na mwisho wake ililetwa mabegani. Fundi wake aliitwa Dany, mwanaume mpole aliyesomea umeme Uvira, na alisema wazi tangu mwanzo kwamba paneli ya jua aliyopewa inataka jua, na Februari ya Kilembwe haina jua. Siku nzuri aliandikisha watu themanini. Siku mbaya, kumi na wawili.

Norbert alivipitia vijiji mara ya pili mwaka huo, akiwaomba watu washuke. Walishuka. Wanawake waliacha mihogo imelowekwa, wakalala siku mbili tatu kwenye madarasa, kisha wakarudi mikono mitupu kwa sababu wino wa kuchapia ulikuwa umeisha. Alipowafuata tena, mama mmoja aitwaye Émilienne alimuuliza kadi ya mara iliyopita ilimletea nini. Norbert alifikiri, akajibu kwamba humsaidia mtu kupita kwenye vizuizi vya askari. Émilienne akasema yeye haendi penye vizuizi, anaenda shambani. Hakusema kwa ubishi. Alikuwa akichambua maharagwe, na aliendelea kuchambua.

Lakini kwa jibu lake hilo la haraka Norbert alikuwa amegusa jambo ambalo bwana wa Bukavu hakulitaja. Wengi hawakuitafuta kadi kwa ajili ya kura. Pale ambapo mtu hana kitambulisho kingine, kadi ya kura ndiyo jina lake. Asiyekuwa nayo husimamishwa kwenye kila kamba iliyofungwa barabarani. Kwa hiyo wenye safari zao, wachuuzi wa mawese, wanafunzi, madereva wa pikipiki, hawakungoja mawingu ya Kilembwe yafunguke. Walishuka Baraka, ambako mtu aliamka, akapanga mstari, na kabla ya saa nne alikuwa nayo mfukoni. Kila mmoja wao alipunguzwa juu na kuongezwa chini, na hakuna hata mmoja aliyekusudia hivyo.

Norbert mwenyewe alikuwa bado hajaandikishwa. Siku ambazo hakuwa vijijini alishinda kituoni, akiita watu kwa majina na kuamua ugomvi wa mstari, lakini kila alipofikiria kuketi mbele ya kamera palikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni aliyetembea tangu alfajiri. Sekretere hawezi kupita mbele ya watu wake. Alimwambia Dany kwamba yeye atakuwa wa mwisho, na Dany akaona ni sawa, maana papa sekretere yuko pale pale, haendi popote.

Siku ya kumi na tano shefu Placide alimwita nyumbani. Shefu alikuwa mzee mwenye pumzi fupi, na siku hizo alizungumza akiwa amelala ubavu. Alisema watoto wa Kilumbi wamejaa Baraka. Wengine walikimbia vita, wengine walifuata shule, wengine soko. Kitabu cha Norbert kinawajua wote. Basi ashuke awaombe warudi wiki moja tu, wakamate kadi huku kwao, kisha waende zao. Kituoni mtu huulizwa anaishi wapi, na neno lake ndilo linaloandikwa, nani atawabishia? Norbert alinakili majina kutoka kitabuni, mia nne na kumi na mawili, na kesho yake akapanda pikipiki.

Walipokwisha kuipita Fizi walisimamishwa penye kamba. Norbert akatoa kadi yake ya zamani. Ilikuwa imefutika, jina na tarehe vimekwenda, na mahali pa picha palibaki kivuli cha kichwa. Askari aliigeuza mara mbili, akamuuliza kama hiki ni kichwa chake au cha mtu mwingine. Alikalishwa pale tangu asubuhi mpaka jua lilipoinama, na katikati yake akatumwa mtoni mara tatu na dumu la lita ishirini. Alienda. Dereva wake ndiye aliyewasihi mpaka wakamwachia. Njiani kuteremka kuelekea ziwani hawakuzungumza habari hiyo, na Norbert alimshukuru dereva kwa hilo zaidi kuliko kwa yale maombi.

Binti yake Fanny alikuwa akikaa Mwemezi, mtaa wa Baraka, na mume wake, Patrice, seremala wa mitumbwi, na watoto watatu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na bati jipya. Maji yaliwapa taabu: bomba la mtaa lilitoka saa mbili kwa siku, na Fanny aliamka kabla ya jogoo kuweka madumu yake kwenye mstari. Jioni ile alimpikia baba yake bugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, akangoja amalize kula, kisha ndipo akamwambia.

"Papa, mi nisha kamata karte yangu."

"Ulikamatia wapi?"

"Hapa. Ku masomo ya pale chini," alisema, akionyesha upande wa shule.

Norbert alinawa mikono polepole. Jina lake lilikuwa la saba kwenye orodha aliyoibeba.

"Kilumbi haiko kwenu tena?"

"Kilumbi njo kwetu, papa. Nani amekatala? Lakini batoto banasoma hapa. Nikizala, ninazalia hapa. Ungeniambia mbele, pengine ningekungoya." Alichukua sahani. "Lakini siyui kama ningekungoya."

Alimheshimu kwa kusema hilo la mwisho, ingawa lilimuuma. Usiku ule hakufuta jina lake kwenye orodha. Aliweka kialama kidogo pembeni.

Jumapili, baada ya ibada, watu wa Kilumbi walikutana kwenye kiwanja cha kanisa. Walikuja kama sitini. Norbert alikuwa amepanga maneno mengi, lakini alipowaona, wengine wakiwa watoto aliowaandika kitabuni siku walipozaliwa, sasa wana ndevu, alisema machache. Alisema kwamba viti vinafuata kadi. Alisema kwamba juu kukikosa mtu wa kusema, barabara ya Kilembwe itabaki kama ilivyo, na wazazi wao wataendelea kubebwa kwa machela hadi hospitali, na wengine hawatafika. Aliomba wiki moja.

Kisha akasimama Rosette, muuguzi, ambaye mama yake bado alikuwa akilima kule kule kijijini kwa Émilienne.

"Papa sekretere, sisi hatukatae kwetu," alisema. "Lakini mi niko hapa tangu miaka kumi na moya. Kipindupindu ikikuya, inanikuta hapa. Nikiandikwa kule juu, nani ataomba mayi ya hapa? Bale ba kule juu?"

Norbert aliona kwamba anasema kweli, na kwamba yeye naye alikuwa amesema kweli, na kweli mbili zilikuwa zinagombania mtu mmoja. Alisema tu kwamba anayependa atakuta lori sokoni Jumatano asubuhi, na kwamba hatamchukia asiyekuja. Kumi na tisa walimpa mkono na kuahidi.

Jumanne homa ikamshika. Alikuwa akiifahamu malaria kama mtu anavyomfahamu jirani, lakini hii ilikuja na nguvu nyingine. Alilala kwenye chumba cha wajukuu siku tano, mara akitetemeka, mara akihesabu vijiji kwa sauti. Jumatano lori liliondoka bila yeye. Kati ya kumi na tisa walipanda sita.

Mchana, Fanny akiwa sokoni, mgonjwa aliangaliwa na jirani, Renilde Kezimana, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akiishi kambini Mulongwe kabla ya kukodi shamba na chumba mjini. Alimletea uji wa mtama na kukaa mlangoni akisuka mkeka. Siku ya nne, Norbert alipoweza kuketi, alimweleza kilichomleta. Renilde alicheka bila sauti.

"Mzee, sisi wanatuhesabu kila wakati," alisema. "Tunapangwa mstari, wanaandika mpaka kitoto cha jana. Nchi hii haina watu waliohesabiwa kama sisi. Na kiti hatuna, hata kigoda."

Norbert naye alicheka, mara ya kwanza tangu aondoke Kilumbi, na kicheko kikamletea kikohozi. Baadaye, akiwa peke yake, alilifikiria neno lile. Yeye alikuwa na watu wenye haki ya kuhesabiwa ambao hawakuhesabiwa. Huyu alikuwa amehesabiwa mpaka amechoka, kwa ajili ya mahindi na sabuni za msaada tu. Mtu angeweza kukaa siku nzima akitafuta ni nani kati yao aliye na nafuu.

Jioni ya siku ya tano Patrice alirudi na habari. Kulikuwa na milio ya risasi karibu na Kilembwe. Dany na mwenzake walikuwa wameifunga mashine na kuileta Fizi, na ilisemwa kwamba haitapandishwa tena. Lori lilikuta habari hizo Fizi, likageuza. Wale sita walikuwa wameshuka sokoni wakiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na wanne kati yao walikuwa wamekwenda moja kwa moja kupanga mstari kwenye kituo cha mjini, kwa kuwa siku zilikuwa zinaisha.

Norbert aliuliza kama kuna mtu wa Kilumbi aliyedhuriwa. Patrice akasema hakusikia. Basi akalala tena, akageukia ukuta.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Fanny hakumsukuma aende kituo cha mjini. Alimuuliza tu, mara moja, atapitaje njiani akirudi, na kadi isiyo na jina. Norbert alisema Mungu atajua. Siku iliyofuata alisema tena hivyo hivyo, kabla hajaulizwa. Alikuwa akikumbuka dumu la lita ishirini na kilima cha kutoka mtoni, na kwamba hata kituo cha Fizi kiko ng'ambo ya ile kamba. Alikuwa akijua pia kwamba kadi hizi hutolewa mara moja kwa miaka mitano, na kwamba akizikosa, kila mwaka atakapopeleka kitabu Fizi atakuwa mtu asiye na jina penye kila kamba. Ni rahisi kusema angeikataa kadi ya Baraka. Watu wengi waliosema hivyo baadaye hawakuwahi kubeba maji ya askari wakiwa na miaka hamsini na minane.

Siku ya tatu alivaa koti lake, akamwomba Fanny amwonyeshe njia ya ile shule. Mstari ulikwenda haraka. Mwanamke aliyeketi mbele ya mashine alimuuliza jina, majina ya wazazi, mwaka aliozaliwa. Kisha akamuuliza anaishi wapi.

Norbert alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, mpaka yule mwanamke akainua macho.

"Mwemezi," akasema.

Picha, vidole kumi, saini. Haikufika dakika tano. Kadi ilitoka ikiwa bado na joto la mashine, na juu yake, mahali pa mji, iliandikwa Baraka. Kwa taratibu za kitabu chake mwenyewe, mtu wa namna hiyo huandikwa kwenye safu ya waliotoka. Alitembea nayo mkononi hadi nyumbani, hakuitia mfukoni, na alipofika, Fanny alimpokea koti.

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi. Penye ile kamba askari mwingine alitazama kadi, akatazama uso, akamtakia safari njema na kumwita mzee wetu. Norbert aligundua kwamba wema ule ulimuuma kuliko yale madumu.

Juni mgawanyo wa viti ulitangazwa, na Kilumbi waliusikia redioni, kwenye kibanda cha kuchajia simu. Upande wa Fizi ulipungukiwa kiti kimoja. Upande wa Baraka uliongezewa kimoja. Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume waliokuwepo walisimama kidogo, kama watu waliosikia msiba wa mtu wa mbali, kisha wakaulizana bei ya mawese. Norbert alikwisha kupiga hesabu yake tangu Machi: kati ya watu wazima zaidi ya elfu nne wa vijiji vyake, kituo cha Kilembwe kiliandika mia sita na tisini na wawili.

Shefu Placide alitaka barua ya malalamiko. Alimketisha Norbert na karatasi, akasema kila sentensi mara mbili kwa sababu ya pumzi: kwamba watu wa Kilumbi wapo, kwamba kitabu kinawataja mmoja mmoja, kwamba mashine ilikuja siku nane nyuma na kuondoka siku nyingi mbele, kwamba mtu hapungui kwa kukosa kupigwa picha. Ilikuwa barua nzuri. Norbert aliandika mpaka mahali pa saini, kisha akaweka kalamu chini.

"Shefu, hata mi niko ku hesabu ya Baraka," alisema.

Akamweleza yote, homa, kamba, kadi iliyofutika, na lile neno Mwemezi. Hakujitetea. Shefu alimsikiliza macho yakiwa kwenye paa, na alipomaliza, nje mtu aliita mbuzi wake na kumpata.

"Muke wangu mudogo naye alikuwa Baraka mwezi ule," shefu alisema mwishoni. "Kwa daktari. Naye alirudi na ya kule. Mi sikumuuliza kitu." Alivuta pumzi. "Andika tu barua, Norbert. Na we, ukapige kura na ile karte yako. Kama kiti yetu ilishuka kule, basi mutu wetu moya aifuate."

Barua ilikwenda. Jibu halikuja, na baada ya miezi miwili waliacha kuulizana.

Desemba alishuka tena, safari hii kwenye mvua, siku tatu njiani, usiku mmoja akilala Fizi kwenye baraza ya nyumba ya karani aliyemhurumia. Kituo cha kura kilikuwa shule ile ile. Ndani ya kibanda cha makartoni mashine ilimwonyesha nyuso za wagombea, ukurasa baada ya ukurasa. Aliwatazama wote kwa subira ya mtu aliyezoea orodha. Palikuwa na wafanyabiashara, walimu, mchungaji mmoja, mwenye boti, wanawake wawili. Wote walikuwa watu wa mji au walikuwa wamekwisha kuwa. Wagombea wa upande wa Fizi, ambao majina ya baba zao aliyajua, walikuwa kwenye mashine nyingine, za watu wengine. Alimchagua yule aliyeahidi kuleta maji Mwemezi, kwa sababu ya mstari wa madumu ya Fanny, na kwa sababu hakuwa na sababu nyingine.

Mtu huyo alishinda. Machi, Norbert alipeleka kitabu Fizi kama kawaida, kisha, badala ya kurudi juu, akateremka mpaka Baraka, kwa kuwa shefu alimtuma. Nyumba ya deputé, mbunge huyo wa jimbo, ilikuwa na uzio mpya, na ndani ya uzio watu wengi wakingoja kwenye viti vya plastiki. Aliingia alasiri. Deputé alikuwa mtu wa heshima. Alisimama kumsalimu, akaagiza apewe soda, akamuuliza kama ni mtu wake. Norbert akatoa kadi. Deputé akaisoma, akafurahi, akamuuliza anahitaji nini.

Norbert alisema barabara ya Kilembwe. Alisema kuhusu machela, kuhusu wajawazito, kuhusu mashine iliyobebwa mabegani. Alizungumza vizuri kuliko alivyozungumza kanisani, na deputé hakumkatiza.

"Papa," akasema alipomaliza, "ninakusikia. Lakini ile barabara iko Fizi. Bale ba Fizi beko na badeputé babo. Nikiinua mukono kwa ajili ya Kilembwe, batu ba Baraka bataniuliza nani alinituma. Na batakuwa na haki."

"Badeputé ba Fizi bamepunguka," Norbert alisema.

"Najua."

Alisema kwa upole, na ilionekana kweli anajua. Kiti alichokuwa amekalia pengine ndicho hicho kilichohama. Akafungua daftari lake. "Unaishi Mwemezi, karte inasema. Mwemezi kunakosa nini?"

Norbert alitazama daftari lile, ukurasa mweupe na kalamu ikingoja. Angeweza kuondoka. Badala yake akaeleza habari za bomba: saa linapofunguliwa, saa linapofungwa, wanawake wangapi husimama pale alfajiri, mahali ambapo mfereji wa maji machafu unapita karibu na bomba. Aliyajua hayo kwa tarakimu, maana alipolala mgonjwa alikuwa akiwahesabu kwa sauti za madumu yao. Deputé aliandika kila kitu, akauliza maswali mawili ya maana, akaahidi kuja mwenyewe Alhamisi. Norbert akaona kwamba atakuja.

Alipofika kwa Fanny alimkuta amekaa kizingitini akipima unga wa muhogo. Alimwambia kwamba deputé anakuja Alhamisi kuhusu maji, awaambie wenzake wa mstari, na Rosette, na yule jirani Mrundi pia, ingawa hana kadi. Fanny aliacha kupima. Akamuuliza, na barabara? Norbert alivua viatu, kimoja halafu kingine, akasema goti linamuuma, kama anaweza kulala kidogo kabla ya chakula. Fanny akaingia kumtandikia.